Bampa Uani: Rangi ya Gari, Thina na Watoto Wetu

   Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama unanyonyesha, kaa vizuri, usihangaike, tutakwenda polepole.

Leo tutazungumza juu ya bampa la gari. Najua unajiuliza, muuguzi na bampa wapi na wapi? Nisikilize kwanza.

Zamani bampa lilikuwa la chuma. Siku hizi karibu kila gari dogo lina bampa la plastiki inayonepa. Gari likiguswa kidogo kwenye msongamano, bampa linapasuka au linachubuka. Bampa jipya ni ghali, kwa hivyo mwenye gari hulipeleka kwa fundi wa jua kali. Fundi hulishona, hulijaza, hulisugua, hulipaka praima, kisha rangi. Ni kazi ya halali na imesomesha watoto wengi katika nchi hii. Sisemi iachwe.

Shida ni kwamba kazi hii haibaki gerejini. Mlango wa gari au boneti ni mzito, lakini bampa mtu mmoja hulibeba begani hadi nyumbani. Kwa hivyo hutengenezwa uani katika ploti, kando ya kamba ya nguo, pale pale watoto wanapocheza. Jioni huingizwa ndani lisiibwe. Na nyumba zenyewe tunazijua: chumba kimoja, pazia katikati, jiko upande huu, kitanda upande ule. Bampa lenye rangi mbichi husimamishwa ukutani, na chini yake amelala mtoto.

Nilipata kuona madhara yake nikiwa zamu katika zahanati. Mama mmoja alifika mbio, mtoto wake wa miaka 2 amemfunga kwa leso. Baba alikuwa uani anafuta bampa, na thina yake ilikuwa ndani ya chupa ya soda ya nusu lita. Mtoto alipiga mafunda mawili. Jirani mwenye nia njema akasema, mtapisheni haraka. Wakampa maziwa, wakamtia kidole kooni, akatapika. Alipofika kwangu alikuwa anapumua kwa kasi, pua zinapanuka, kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Tulimpa oksijeni, tukamkimbiza hospitali kubwa. Alilazwa siku 6. Namshukuru Mungu, alipona. Lakini maneno ya yule mama sijayasahau. Aliniambia, "Sista, mimi hata sikujua hiyo kitu inaitwaje. Nilijua tu ni maji ya kazi ya baba."

Ndiyo maana leo nataka uijue kazi hii hatua kwa hatua, kama vile unavyoijua kazi ya kupika. Ukijua kila chombo kina nini ndani, utajua cha kuweka mbali na mtoto.

Tuanze na kuosha. Bampa likitolewa kiwandani huwa na utelezi wa ile dawa iliyotumiwa ili plastiki isigande kwenye kalibu. Likishakaa barabarani hupata mafuta, lami, na ile dawa ya kung'arisha ambayo watu hupaka magari. Rangi haishiki juu ya mafuta, kama vile plasta ya kidonda haishiki juu ya ngozi iliyopakwa mafuta. Kwa hivyo kazi nzuri huanza kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi, ndani na nje, kisha suuza, kisha kausha. Hatua hii haina sumu na mafundi wengi huiruka. Badala yake humwaga petroli kwenye kitambaa na kufuta. Petroli ina kemikali inayoleta saratani ya damu kwa mtu anayeivuta miaka mingi, na tena haisafishi vizuri, kwa maana huacha mafuta yake juu ya plastiki. Fundi akishaosha kwa sabuni, kiasi kidogo tu cha dawa maalumu ya kuondoa mafuta kinatosha. Hapo mama unaweza kusaidia hata kwa maneno: "Baba Fulani, maji ya moto yako tayari." Ndoo moja ya maji ya sabuni inaweza kuokoa nusu chupa ya thina.

Kabla ya kuendelea, geuza bampa utazame upande wa nyuma. Mara nyingi utaona herufi zimechorwa kwenye plastiki yenyewe. Mtoto wa gredi ya nne anaweza kukusomea. PP, peke yake au pamoja na EPDM, ni plastiki iitwayo polipropilini, na mabampa mengi ni ya aina hiyo. ABS ni plastiki ngumu zaidi. PUR ni jamii ya sponji iliyokazwa. Fundi anazihitaji herufi hizi ili ajue atalishona kwa plastiki ya aina gani. Wewe unazihitaji kwa sababu moja: kila plastiki ikichomwa hutoa moshi wake, na moshi wa ABS na wa PUR ni mbaya kupita wa PP.

Sasa kushona. Fundi huchoma chuma kwenye makaa, au hutumia pasi ya kulehemu ya umeme, akayeyusha kingo za ufa na kuzama waya ndani ili zishikane. Moshi wake unawasha macho na koo. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua papo hapo. Kazi hii ifanywe nje, fundi akae upande upepo unakotoka, na watoto wawe upande wake, si upande moshi unakoelekea. Jambo jingine ni lile jiko la makaa. Mvua ikinyesha, usikubali liingizwe ndani likiwa bado linawaka ili kazi iendelee. Hewa ya makaa haina harufu, na imeshaua watu wakiwa usingizini. Na chuma kilichotoka motoni kikishapoa kidogo hakionekani chekundu, lakini bado kinababua mkono wa mtoto.

Baada ya kushona hujazwa filla. Ile filla ya kawaida ya mabati ni ngumu kama chaki. Bampa likinepa kidogo, inapasuka. Fundi mzuri hutumia filla laini ya plastiki. Wengine huweka faibaglasi, yaani nyuzi za kioo pamoja na maji mazito yenye harufu kali. Nyuzi zile huingia kwenye ngozi na kuwasha, na zikishikana na nguo za mtoto kwenye karai moja, mtoto atalia siku tatu na wewe utadhani ni upele.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Yale maji mazito ya faibaglasi hayakauki yenyewe. Hutiwa matone machache ya hadina, na hadina hiyo ni maji meupe kabisa, hayana rangi, huuzwa katika kichupa kidogo cha plastiki kama cha dawa ya macho. Tone moja likiingia jichoni linaweza kupofusha. Likimezwa linachoma koo na tumbo. Katika vitu vyote vilivyo kwenye sanduku la fundi wa bampa, mimi naogopa kichupa hiki kuliko vyote, kwa sababu ni kidogo, ni kizuri, na kinaingia vizuri katika mkono wa mtoto. Kiwekwe juu kabisa, kwenye kisanduku chenye kufuli, mbali na moto.

Kisha kusugua. Fundi huanza na msasa mkali, namba 180 hivi, akashuka hadi 320 na 400. Vumbi hutoka jingi. Likisuguliwa kavu, vumbi huenda kwenye nguo ulizoanika, kwenye maji ya kunywa yasiyofunikwa, kwenye unga, kwenye nywele za baba. Likisuguliwa kwa msasa wa maji, vumbi hubaki tope, unalimwaga. Wanaosema msasa wa maji ni uzembe wanakosea, kwa maana kazi hutoka laini zaidi. Ila filla yenyewe hunyonya maji, na fundi huisugua ikiwa kavu; basi hiyo ifanywe mbali na nyumba, na fundi afunike pua kwa maski ya vumbi.

Je, vumbi lenyewe lina nini? La bampa ni plastiki, filla na rangi ya zamani. Lakini fundi hasugui bampa pekee. Asubuhi alisugua mlango wa gari kuukuu, na rangi za zamani, hasa nyekundu na za manjano, zaweza kuwa na madini ya risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema yale madini yaliyomo pia ndani ya betri za gari. Sisi Wakenya tuliyaona madhara yake kule Owino Uhuru, Mombasa, penye kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo huyanyonya madini haya tumboni mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima, na yanaharibu ubongo unaokua. Mtoto haonyeshi ugonjwa wa wazi. Anachelewa kusema, anashindwa shuleni, anakuwa mkali, na watu wanasema ni mtundu.

Risasi hiyo huja nyumbani juu ya ovaroli. Baba anarudi, mtoto anamkimbilia, anabebwa, anaweka shavu kifuani mwa baba. Ni jambo zuri sana, na sitaki kulivunja. Naomba tu lichelewe dakika kumi. Avue ovaroli na viatu nje ya mlango, anawe uso, mikono na kichwa kwa sabuni, avae nguo za nyumbani, kisha ambebe mtoto. Ovaroli usiifue pamoja na nguo za watoto. Usiikung'ute, iloweke. Sakafu usiifagie kavu, ipanguse kwa kitambaa cha maji, na umnawishe mtoto mikono kabla ya kula, hasa huyu anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Chakula chenye madini ya chuma, kama mboga za majani, maharagwe na nyama ukipata, husaidia mwili wa mtoto usinyonye risasi kwa urahisi.

Sasa tufike kwenye praima, maana hapo ndipo penye siri ya kazi yenyewe. Plastiki ya PP ina ubishi. Ukiipaka rangi moja kwa moja, inaonekana nzuri siku ya kwanza, na baada ya kuoshwa mara mbili tatu inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Kwa hivyo kwanza hupulizwa praima ya plastiki, nyepesi kama maji, mara moja au mbili. Kazi yake ni kushika plastiki upande wa chini na kushika rangi upande wa juu. Huachwa dakika chache, kisha huja praima nzito ya kuziba mikwaruzo, kisha rangi, kisha klia ya kung'arisha. Kwa bampa hutiwa pia dawa ya kulainisha ili rangi inepe pamoja na plastiki.

Praima ya plastiki karibu yote ni thina. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unatambaa sakafuni kama maji usiyoyaona. Ukikuta koroboi, jiko la makaa au stovu upande wa pili wa chumba, moto unarudi mbio hadi kwenye mkebe. Na hapo sakafuni ndipo mtoto anapolala na kutambaa, kwa hivyo anavuta zaidi kuliko wewe uliyesimama. Ukisikia kichwa kinauma au unahisi kizunguzungu, jua mtoto amekutangulia. Mtoe nje kwanza, kisha fungua mlango na madirisha. Moto usiwashwe wala kuzimwa kwa kupuliza, ondokeni tu.

Sasa praima nzito na klia. Nyingi kati ya hizi hununuliwa kwa mikebe miwili, mmoja wa rangi na mmoja mdogo wa hadina. Hadina hii si ile ya faibaglasi. Ndani yake mna kemikali ziitwazo aisosayaneti. Jina ni gumu, lakini lishike hivyo hivyo, maana ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana duniani kwa kuwapa wafanyakazi ugonjwa wa pumu. Bunduki ya kupulizia ikiigeuza kuwa ukungu, mtu anaivuta. Mwezi wa kwanza hana neno. Mwaka wa kwanza hana neno. Kisha siku moja mwili unaikataa, na tangu siku hiyo harufu kidogo tu, hata ya jirani anayepuliza rangi, inamfunga kifua. Wengine huacha kazi na pumu ikabaki nao.

Nilimjua fundi mmoja aliyekohoa miezi mingi. Alikohoa usiku, na mchana gerejini alikuwa na nafuu, kwa hivyo hakuna aliyeishuku kazi. Alipimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, hayakuwa na kitu. Akapewa dawa za kikohozi, chupa baada ya chupa. Ni mke wake aliyetambua. Alisema, "Tulienda matanga nyumbani wiki mbili, hakukohoa hata usiku mmoja. Siku ya pili tangu arudi kazini, kikaanza." Ushahidi huo ndio daktari aliouhitaji. Kikohozi cha aisosayaneti kinaweza kuja saa nyingi baada ya kazi, usiku wa manane, na hupoa mtu akipumzika au akisafiri. Kwa hivyo mama, kama mume, mwana au ndugu yako anapuliza rangi na anakohoa, anapiga miluzi kifuani au anaamka usiku kutafuta hewa, hesabu siku. Je, Jumapili yuko vipi? Likizo yuko vipi? Ukienda naye kliniki, hilo liwe jambo la kwanza unalosema, na utaje neno kupuliza rangi. Sisi wauguzi tunahudumia foleni ndefu, na hatuulizi kila mara mtu anafanya kazi gani. Nakiri hivyo bila kujitetea. Kifua kikuu nacho kipimwe, kisiachwe.

Wengi wananiuliza juu ya maski. Kitambaa cha shingo hakifai. Maski za karatasi tulizozoea tangu korona zinazuia vumbi kidogo, mvuke zinaupitisha wote. Maski ya mpira yenye vichujio vya mkaa inasaidia kwa thina, ikikaza vizuri usoni bila ndevu katikati na vichujio vikibadilishwa kwa wakati. Kwa aisosayaneti hata hiyo haiaminiki sana, kwa sababu kichujio kikichoka hakuna harufu ya kukuonya. Kinachopendekezwa ni maski inayoletewa hewa safi kwa mpira. Najua fundi wa uani hana. Kwa hivyo nasema neno moja lisilo na masharti: rangi yenye hadina isipulizwe nyumbani wala katika ploti. Kuosha kunaweza kufanyiwa uani. Kusugua kwa maji pia, palipo na nafasi. Lakini kupuliza kufanyiwe gerejini, mahali pa wazi, wakati watu wengine hawapo. Kama ameajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kuuliza si utovu wa adabu.

Na bampa lililopulizwa lisiingizwe ndani usiku ule. Kukauka juu si kukauka kabisa. Harufu ikiwapo, mvuke bado unatoka. Najua hoja ya wezi. Nimewauliza mafundi wanafanyaje. Wengine hukodi kibanda kimoja kwa watu watatu na kukifunga kwa kufuli. Wengine hupanga kupuliza asubuhi na mapema ili jioni mteja aje alichukue. Zungumzeni nyumbani muone lipi linawezekana. Mimi kwa upande wangu, kati ya bampa kuibwa na mtoto kulala kando yake, nachagua liibwe, lakini najua si mimi nitakayelilipa.

Turudi kwenye ajali, maana hapa dakika zina thamani.

Mtoto akinywa thina, petroli au mafuta ya taa, usimtapishe. Nasema tena, usimtapishe. Thina ikiwa tumboni ina madhara, lakini ikipanda wakati wa kutapika inateleza na kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo inapoua. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kupikia, usimpe mayai mabichi wala maji ya chumvi. Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, mkalishe wima, mpeleke hospitali. Beba chupa au mkebe wenyewe, ukiwa umefungwa, ili daktari asome. Hata kama anacheza na kucheka, mpeleke. Huhitaji kuangaliwa si chini ya saa 6, kwa sababu kifua kinaweza kubadilika baadaye. Tena baadhi ya thina huchanganywa na pombe ya sumu inayopofusha, nayo dalili zake huchelewa hata kupita nusu siku.

Ukiwa njiani, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, anapumua kwa kasi. Wa miezi 2 hadi 12, ni mara 50 au zaidi. Kifua kikibonyea, midomo ikiwa ya buluu, au akisinzia na kukataa kuamka, usisubiri matatu ijae. Omba msaada wa gari lolote, au piga 999 au 112.

Hadina, thina au rangi ikiingia jichoni, mlaze mtoto ubavu, jicho lililoumia likiwa chini, shikilia kope wazi, umwagie maji safi mfululizo kwa dakika 20. Atalia na kupigana, endelea. Usiweke maziwa ya mama, chai wala asali. Mpeleke hospitali baada ya maji, si kabla.

Chupa za soda na za maji ndizo chanzo cha visa vingi nilivyoviona. Leo jioni, kipindi kikiisha, fanya jambo moja: zunguka nyumba na uani, utafute kila chupa ya kinywaji yenye kitu kisichonyweka. Thina irudi kwenye mkebe wake wenye maandishi. Ikibidi kupimwa kidogo dukani, iwe kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko, usiofanana na chombo cha kunywea, na isikae chini ya kitanda. Vitambaa vyenye thina visiachwe ovyo, maana vijana wa shule nao huvivuta. Gundi ya viatu tunaijua sote, thina inafanya vivyo hivyo, na moyo wa kijana unaweza kusimama hata mara ya kwanza.

Nimalize na barua mbili. Dada mmoja mjamzito wa miezi 3 anasema humsaidia mumewe kusugua na kufuta mabampa, na anauliza kama kuna madhara. Dada, vumbi na msasa wa maji ni afadhali, lakini thina, filla na kupuliza viache kabisa hadi ujifungue. Mvuke wa thina hupita hadi kwa mtoto tumboni, na kuuvuta sana kunahusishwa na mimba kuharibika na watoto kuzaliwa wadogo. Vumbi la rangi za zamani pia liache, kwa sababu ya ile risasi. Ukienda kliniki ya wajawazito, mwambie muuguzi kazi unayoifanya, aiandike kwenye kitabu chako.

Nyanya mmoja anauliza kama mama anayenyonyesha aache kumnyonyesha mtoto kwa kuwa anaishi karibu na fundi wa rangi. La, nyanya, asiache. Maziwa ya mama ni muhimu kuliko hofu hiyo. Aondoke uani wakati wa kupuliza, anawe mikono na matiti kabla ya kunyonyesha, na kama ploti ina nafasi, aongee na mwenye ploti juu ya kuihamisha kazi upande wa nyuma. Wakienda wapangaji wanne pamoja, mwenye ploti husikia haraka kuliko akienda mmoja.

Juma lijalo nitakuwa nanyi tena kuzungumza juu ya minyoo. Yule mama aliyeniandikia kuhusu mtoto anayekula udongo, barua yako nimeipata, nitaijibu siku hiyo. Kwaheri ya kuonana.